John Kirk na Sumu Iliyogeuka Dawa ya Moyo

Wanafunzi wetu wengi humjua Sir John Kirk kama balozi wa Uingereza aliyemshinikiza Sultani Barghash kulifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873. Ni wachache wajuao kwamba alikuwa tabibu, na kwamba maisha yake yana funzo kwa wagonjwa wa moyo wa Meru na Embu.

Kirk alizaliwa Uskoti mwaka 1832 na kusomea udaktari Edinburgh. Mwaka 1858 aliandamana na David Livingstone katika safari ya mto Zambezi, akiwa daktari na mtaalamu wa mimea. Huko waliwakuta wawindaji waliopaka mishale sumu ya mmea uitwao kombe. Sumu hiyo iligusana na mswaki wa Kirk mfukoni. Alipopiga mswaki alihisi uchungu mdomoni, kisha mapigo ya moyo wake yakapungua. Hakulipuuza jambo hilo, bali alipeleka mmea huo kwao ukachunguzwe. Katika miaka ya 1880 Profesa Thomas Fraser wa Edinburgh alitoa humo strofanthini, dawa iliyotibu mioyo dhaifu kwa miaka mingi. Kirk alifariki mwaka 1922, mwaka ule ule Mskoti mwingine, Daktari Clive Irvine, alipoanza kazi Chogoria, kati ya Embu na Meru.

Funzo ni lipi? Kombe, msunguti ambao Wakamba, majirani wa Wambeere, waliuchemsha kupata sumu ya mishale, na tembe za digoksini zitolewazo hospitalini, vyote hufanya kazi moja katika msuli wa moyo. Kinachotenga dawa na sumu ni kipimo, na nafasi iliyopo kati yao ni finyu mno. Basi mgonjwa amezaye tembe asubuhi na kunywa mizizi asiyoijua jioni huenda anajiongezea kipimo bila kujua. Hata majani ya kuharisha kama sanamaki, yakitumiwa mno, hupunguza potasiamu mwilini, na digoksini ikazidi ukali.

Hatuwadharau waganga wetu, kwani Kirk mwenyewe alijifunza kwa wawindaji. Tunachosihi ni kwamba mgonjwa amweleze daktari kila anachokunywa, naye daktari asikilize bila kukaripia, kwa maana anayekaripiwa huficha. Walimu wa sayansi nao walifundishe jambo hili darasani, ili mwanafunzi alifikishe nyumbani kwa babu na nyanya.