Buddha na Mwanafunzi Mzito

Katika mazoezi ya kufundisha tulikaa nyuma ya Darasa la Pili, katika shule moja upande wa Chole, wilayani Kisarawe. Mwanachuo wetu alikuwa na andalio zuri la somo. Lakini mtoto mmoja aliyeshindwa kusoma sentensi ya ubaoni aliambiwa aketi, wala hakuulizwa tena hadi kengele. Tulipodadisi, tulijibiwa kwamba mtoto huyo ni mzito. Ndipo tulipomkumbuka Siddhartha Gautama, ambaye wafuasi wake humwita Buddha, yaani aliyeamka.

Mtu huyu aliishi yapata karne ya 5 kabla ya Kristo. Alizaliwa Lumbini, katika Nepal ya leo, katika jamaa ya watawala. Mapokeo yanasema kuwa akiwa na umri wa miaka 29 aliacha mke, mtoto na anasa ili atafute chanzo cha mateso ya binadamu. Kwa miaka sita alijitesa kwa njaa, hata akatambua kuwa mwili uliodhoofika hauamshi akili. Basi akala, akaketi chini ya mti huko Bodh Gaya nchini India, akaichunguza akili yake mwenyewe: jinsi wazo linavyozuka, linavyozaa tamaa au chuki, na linavyotoweka. Baadaye aliwafunza wengine waanze na jambo dogo, kuiangalia pumzi iingiapo na itokapo. Na akili ikitoroka, irudishwe bila hasira. Mwalimu wa Darasa la Kwanza hatalishangaa hilo.

Alifundisha miaka 45, akitembea kwa miguu katika bonde la mto Ganges, wala hakumpa kila mtu somo lile lile. Sona, aliyejikaza katika mazoezi hata nyayo zikatoka damu, alikuwa zamani mpiga zeze. Buddha alimwuliza habari za nyuzi zilizokazwa mno na zilizolegea mno.

Lakini kisa kitugusacho zaidi ni cha Culapanthaka. Kaka yake, mtawa mwenye elimu, alimpa ubeti mmoja aukariri. Miezi minne ikapita, ubeti haukukaa, akafukuzwa. Inasimuliwa kwamba Buddha alimkuta akiondoka, akamrudisha, akampa kitambaa cheupe akipanguse kwa mkono huku akitamka maneno machache juu ya kuondoa uchafu. Jua likapanda, jasho likatoka, kitambaa kikachafuka mikononi mwake. Kwa kukitazama tu, akafahamu kuwa hakuna kidumucho, na kwamba tamaa, chuki na ujinga ndio uchafu wa moyo. Mapokeo humhesabu miongoni mwa wanafunzi waliofikia kilele. Kaka yake hakuwa mwalimu mbaya, twadhani. Alikuwa na njia moja tu.

Siku ya pili kule Chole tulimwomba mwanachuo amtoe mtoto yule nje, chini ya mkorosho, aandike herufi mchangani kwa kidole, moja moja, akizitamka. Kabla ya mapumziko alikuwa amesoma maneno mawili, na la tatu alilikisia.