Max von Pettenkofer

Max von Pettenkofer alizaliwa katika nchi ya Ujerumani mwaka 1818, akawa mwalimu wa elimu ya afya mjini Munich. Hakusadiki kwamba vijidudu vya kipindupindu, alivyovieleza Robert Koch mwaka 1884, vyatosha peke yao kumwua mtu. Basi mwaka 1892, naye ni mzee wa miaka 73, akanywa maji yaliyojaa vijidudu hivyo. Alijua ya kuwa maji makali ya tumboni huua vingi vyao. Kwa hiyo alitangulia kuyaondolea ukali kwa magadi, watu wasije wakasema aliokolewa na tumbo lake. Alikosea, lakini ujasiri hakukosa! Akaharisha siku chache, akapona. Mwanafunzi wake Emmerich akafanya vivyo hivyo, akaugua zaidi.