Thomas Barnardo: Mlango Wazi na Nyumba Salama

Andiko: Marko 10:13-16; 2 Wakorintho 8:20-21

Juma hili tunaangalia maisha ya mtu ambaye jina lake wengi wetu tumelisikia, maana hata hapa Nairobi kuna makao ya watoto yaliyopewa jina hilo. Lakini ukiuliza alikuwa nani, wengi watanyamaza. Haya, tumsome. Tutaona mazuri yake na tutaona pia pale alipojikwaa, kwa sababu Biblia yenyewe haikumficha Daudi.

Thomas John Barnardo alizaliwa Dublin, Ireland, tarehe 4 Julai 1845. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa ngozi za manyoya aliyetoka Hamburg, Ujerumani. Kijana huyu alikuwa na maneno mengi na kiburi kidogo, na mambo ya imani aliyadharau. Mwaka 1862, akiwa bado hajafika miaka 17, uamsho ulipopita Dublin, aliokoka. Akaanza kufundisha watoto maskini na kutembelea vitongoji vya mji.

Baadaye alisikia habari za kazi ya Hudson Taylor na moyo wake ukawaka kwenda Uchina kama mmishonari. Mwaka 1866 akahamia London ili ajiandae, na akaanza masomo ya udaktari. Alikaa upande wa mashariki wa mji, mahali pa msongamano, njaa na ulevi. Mwaka huohuo kipindupindu kililipuka huko na kuua maelfu ya watu. Wazazi walizikwa, watoto wakabaki barabarani. Mwaka 1867 Barnardo alifungua shule ya watoto maskini, ile ya bure kwa wasio na viatu wala ada.

Yeye mwenyewe alisimulia kwamba jioni moja ya baridi, mtoto mmoja aliyeitwa Jim Jarvis alikataa kutoka darasani wengine walipokwenda. Mwalimu akamwambia aende nyumbani kwa mama. Mtoto akasema hana mama, hana baba, hana nyumba. Barnardo hakuamini. Basi yule mtoto akamwongoza usiku hadi kwenye paa moja la jengo, akamwonyesha wavulana wamelala pale wazi, matambara tu mwilini, upepo ukiwapiga. Alikuwa akipita chini ya mapaa kama hayo kila siku na hakuwahi kujua.

Hebu fikiria. Alikuwa anapanga safari ya Uchina, na kumbe shamba lake lilikuwa juu ya paa la jirani. Uchina hakwenda tena. Mwaka 1870 alifungua nyumba ya kwanza ya wavulana katika mtaa wa Stepney Causeway.

Mtoto aliyeambiwa hakuna nafasi

Barnardo alikuwa mwangalifu na pesa. Hakutaka deni. Kwa hiyo aliweka idadi: vitanda vikijaa, mlango unafungwa. Kibinadamu huo ni utaratibu mzuri kabisa, na kamati yoyote ya kanisa ingeupitisha.

Usiku mmoja alikuja mvulana wa miaka 11, John Somers. Wenzake walimwita Carrots, yaani karoti, kwa sababu ya nywele zake nyekundu. Akaomba kitanda. Akaambiwa nyumba imejaa, asubiri nafasi ipatikane. Siku mbili baadaye alikutwa amekufa. Njaa na baridi ndivyo vilivyomuua.

Barnardo hakuweza kulisahau jambo hilo. Alitundika kibao nje ya nyumba kikitangaza kwamba hakuna mtoto asiye na mahali atakayekataliwa tena. Toka siku hiyo taa iliachwa ikiwaka usiku, na baadaye katika miji mingi ya Uingereza zikafunguliwa nyumba za kupokea watoto mchana na usiku. Mtoto alipokelewa kwanza, maswali yakaulizwa baadaye. Hawakuuliza kabila wala rangi. Watoto weusi walipokelewa pamoja na weupe wakati jambo hilo halikuwa la kawaida. Hawakuuliza kama wazazi walifunga ndoa.

Watoto wenye ulemavu nao waliingia. Mwaka 1890 Barnardo na mkewe Syrie walizaa binti, Marjorie, aliyekuwa na ulemavu tunaouita leo Down syndrome. Siku hizo familia zenye uwezo zilimficha mtoto kama huyo. Wao hawakumficha. Kazi yao iliendelea kupokea watoto wenye ulemavu wa mwili na wa akili, na Barnardo alitaka waishi na kucheza na wenzao, maana aliamini pande zote mbili zingefaidika.

Ndani ya mlango kuna nini?

Hapa ndipo wengi wetu tunaishia. Tunasema, tumewapokea watoto, kazi imeisha. Barnardo alijifunza kwamba kazi ndiyo kwanza inaanza.

Mwaka 1873 alipooa, alipewa nyumba na uwanja huko Barkingside kama zawadi ya harusi. Yeye na Syrie wakaanza kulea wasichana pale, wakiwalaza pamoja katika jengo moja. Siku moja akasikia mazungumzo ya wasichana wenyewe kwa wenyewe. Yalikuwa machafu. Walioharibiwa barabarani walikuwa wakiwaharibu wadogo, na watu wazima hawakujua kinachoendelea. Chakula kilikuwepo, maombi yalikuwepo, na hata hivyo watoto hawakuwa salama.

Angeweza kuongeza viboko. Angeweza kuhubiri zaidi. Alichofanya ni kubadilisha nyumba yenyewe. Mwaka 1876 alifungua kijiji cha wasichana: nyumba ndogondogo zilizozunguka uwanja, kila moja na wasichana wachache wa umri tofauti, na mama mmoja anayeishi nao, anayejua jina la kila mmoja na kujua kama usiku huo analia. Kufikia mwaka 1900 kijiji kilikuwa na nyumba kama 65, shule, hospitali na kanisa, na wasichana wapatao 1,500. Baadaye pia akaanza kuweka watoto katika familia za mashambani, na kutuma wakaguzi wa kuwatembelea na kuangalia hali yao.

Angalia jambo hilo, mpendwa. Mtoto halindwi na umati. Halindwi hata na jengo zuri. Analindwa na mtu mzima anayemjua, na huyo mtu mzima naye awe na mtu wa kumkagua.

Pale alipojikwaa

Sasa tuseme ukweli wote. Barnardo alikuwa mtu wa kuamua peke yake. Kwa miaka ya mwanzo pesa zote na watoto wote walikuwa chini ya mkono wake. Alijiita daktari kabla hajahitimu. Cheti alikipata Edinburgh mwaka 1876. Pia aliuza picha za watoto, moja akiwa na matambara na nyingine akiwa msafi, ili watu watoe sadaka.

Mwaka 1877 mashtaka yalifika mbele ya wasuluhishi watatu. Walichunguza kwa miezi. Madai kwamba alikula pesa hayakuthibitika, na kazi yake kwa ujumla ikasifiwa. Lakini kuhusu picha walimlaumu, maana nyingine zilitengenezwa: mtoto alifanywa aonekane hali mbaya kuliko alivyokuja. Baada ya hapo kazi ikawekwa chini ya wadhamini. Wengine waliona ni aibu. Ukweli ni kwamba ulikuwa wokovu wa kazi ile.

Hata hivyo, hakuacha kabisa kujiona ana haki juu ya mtoto wa mwingine. Alichukua watoto bila idhini ya wazazi akiamini anawaokoa. Mama mmoja alidai mtoto wake mahakamani, na mtoto alikuwa ameshapelekwa ng'ambo. Halafu kuna Kanada. Kuanzia mwaka 1882 alituma watoto huko kufanya kazi mashambani, na mpango uliendelea miaka mingi baada ya kifo chake. Watoto kama 30,000 walipelekwa. Wako waliopata maisha mema. Wako waliofanyishwa kazi kama punda, wakapigwa, wasimwone ndugu yao tena. Mwaka 2010 Waziri Mkuu Gordon Brown aliomba msamaha kwa niaba ya serikali ya Uingereza kwa watoto waliopelekwa nchi za mbali na mashirika mbalimbali.

Nia ilikuwa njema. Lakini umbali ule ulikuwa mkubwa mno kwa jicho la kumwangalia mtoto, na mtoto mwenyewe hakuulizwa.

Barnardo alifariki tarehe 19 Septemba 1905, akiwa na miaka 60. Aliacha makao 96 yenye watoto zaidi ya 8,500. Alizikwa Barkingside, katikati ya kijiji cha wasichana. Shirika lake lipo hadi leo, ila yale makao makubwa liliyafunga. Siku hizi linasaidia watoto wakiwa ndani ya familia na jamii zao.

Tujifunze nini?

Wapendwa, wanafunzi wa Yesu walipowazuia watoto, hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanalinda utaratibu. Bwana alichukizwa, akawakumbatia watoto mbele ya wote, pale hadharani. Na Paulo, alipobeba sadaka ya watakatifu, hakukubali kuibeba peke yake. Alitaka mambo yawe sawa mbele za Bwana na mbele za watu pia. Mtume mzima, na alikubali kuangaliwa.

Kanisani kwetu tuna mlango mpana, asante Mungu. Lakini tuulizane. Mwalimu wa watoto anachunguzwa kabla ya kukabidhiwa darasa, au tunachukua yeyote anayejitolea? Kesha likifika, watoto wanalala wapi, na nani yuko macho nao? Watu wazima huwa wawili chumbani au mmoja? Mtoto asiyesikia ana mtu wa kumtafsiria kwa ishara, au anakaa nyuma akitazama midomo? Tukigawa chakula kwa watoto wa mitaani, ni lazima tuwapige picha za uso tuzitume kwenye WhatsApp?

Na jambo zito zaidi: mtoto akisema ameguswa vibaya na mtu mwenye cheo kanisani, tusilimalize kwa vikao vya ndani eti tusiaibishe madhabahu. Msikilize. Mwamini vya kutosha kuchukua hatua. Piga 116, ile namba ya bure ya kusaidia watoto hapa Kenya, au nenda kituo cha polisi au kwa afisa wa watoto. Upako hauondoi sheria, na msamaha haumrudishi mkosaji kwenye darasa la watoto.

Kwa ushirika wa nyumbani

1. Kuna mtoto gani katika eneo letu ambaye tumemwambia, kwa mdomo au kwa kunyamaza, kwamba hakuna nafasi?
2. Nani anakagua kazi yetu ya watoto, na mara ya mwisho alikagua lini?
3. Ni familia gani iliyo karibu kuvunjika ambayo tukiisaidia sasa, mtoto wake hatahitaji kwenda kwenye makao?

Tuombe: Bwana, tufungulie macho tuwaone walio juu ya paa la jirani. Utupe mioyo ya kuwapokea, na unyenyekevu wa kukubali kuangaliwa tunapowalea. Katika jina la Yesu, Amina.