Josef Jadassohn: Daktari aliyefichua mzio wa dawa za kupaka

MKAZI wa Mwera, wilayani Pangani, anapopaka dawa ya ngozi na mwasho ukazidi, mara nyingi hudhani ugonjwa umepamba moto, naye huongeza dawa. Kumbe huenda dawa yenyewe ndiyo chanzo. Aliyewapa madaktari njia ya kulithibitisha hilo ni Josef Jadassohn.

Jadassohn alizaliwa Septemba 10, 1863, mjini Liegnitz, Ujerumani, ambao leo ni Legnica nchini Poland. Alihitimu udaktari mwaka 1886 mjini Breslau, kisha akawa msaidizi wa Profesa Albert Neisser, mgunduzi wa bakteria wa kisonono.

Enzi hizo zebaki ilitumika sana katika dawa za kupaka. Jadassohn alibaini kuwa baadhi ya wagonjwa walipata ukurutu kutokana nayo. Badala ya kubahatisha, alibandika plasta yenye zebaki kwenye ngozi ya mgonjwa; ukurutu ukajitokeza pale pale. Mwaka 1895, Pangani ikiwa chini ya utawala wa Wajerumani, alikieleza kipimo hicho katika mkutano wa madaktari wa ngozi mjini Graz, Austria.

Mwaka 1896 alihamia Bern, Uswisi, na mwaka 1917 akarejea Breslau. Bruno Bloch alikiendeleza kipimo hicho mjini Zurich, naye Marion Sulzberger, aliyesoma kwa wote wawili, akakieneza Marekani.

Kwa njia hiyo hiyo, waliomfuata walibaini kuwa hata viambato visivyotibu huweza kuleta mzio. Miongoni mwavyo ni lanolini itokanayo na sufu ya kondoo, vihifadhi vinavyozuia dawa kuharibika, manukato, na propileni glaikoli inayoyeyusha dawa. Hivyo hata krimu iliyotengenezwa kutuliza ukurutu yaweza kuuchochea.

Siku hizi vibandiko vyenye viambato mbalimbali huwekwa mgongoni kwa siku mbili, kisha daktari hukagua ngozi, na kuikagua tena baada ya siku kadhaa.

Jadassohn alifariki dunia Machi 24, 1936, mjini Zurich. Somo lake bado lina manufaa: ngozi ikizidi kuwasha baada ya kupaka dawa, acha kuitumia, itunze boksi yake na uipeleke kwa daktari. Jina la kiambato kinachokudhuru huenda limeandikwa hapo, kwa herufi ndogo.