Louis Braille na Msharasi wa Baba Yake

Louis Braille alizaliwa Coupvray, Ufaransa, tarehe 4 Januari 1809. Baba yake alishona matandiko ya farasi. Mwaka 1812 mtoto alichezea msharasi wa kutobolea ngozi. Ukateleza, ukamchoma jicho. Jeraha likaoza, na jicho la pili likafuata. Alipotimiza miaka mitano alikuwa kipofu kabisa.

Mwaka 1819 alipelekwa shule ya vipofu, Paris. Huko alijifunza maandishi ya nukta 12 ya Charles Barbier, akayapunguza yakawa ya nukta 6, zinazoenea chini ya ncha ya kidole. Alikuwa na miaka 15 tu. Baadaye alifundisha shuleni hapo, na kupiga kinanda kanisani. Alifariki mwaka 1852 kwa kifua kikuu. Mwaka 1854 shule ikayakubali rasmi maandishi yake.

Sisi tuliofundisha twamheshimu mwalimu mwenzetu huyu. Lakini, wazazi wapendwa, msharasi ule ungaliwekwa juu, asingalipofuka. Basi tuweke juu sindano, visu na mikasi. Tuwakataze watoto manati na kurushiana vijiti. Jicho likichomwa, tusilisugue wala kulitia dawa za kienyeji. Tulifunike bila kuligandamiza, twende hospitali siku ile ile.