Edwin Cohn, mutu aliyetoa albumini mu damu

Ndugu watumikaji, na nyinyi wamama wa kambi, jina la albumini tunalisikia ku hospitali. Mwenzetu mmoja aliungua na moto ku kazi. Familia iliambiwa itafute chupa za albumini. Waliuza mashini ya kushona, wakauza na mabati, na hakuna aliyewaelezea ile dawa inafanya nini. Juu ya ile, leo tunawapa maisha ya mutu aliyeitengeneza.

Edwin Cohn alizaliwa New York, Marekani, tarehe 17 Desemba 1892. Alisoma kemia mu Chicago, akamaliza 1917, kisha akatumika miaka mingi ku Harvard, mu muji wa Boston. Kulikuwa wagonjwa wa kupungukiwa damu waliopashwa kula maini mingi kila siku. Yeye na wenzake walitoa mu maini ile nguvu yenye kuponya, ikawa dawa.

Vita ilipowaka Ulaya, mu 1940, Marekani ilimuomba atafute kitu cha kuokoa waaskari. Mutu akiungua sana, maji ya damu inavuja kutoka mu mishipa, inaingia mu nyama ya mwili. Mishipa inabaki karibu tupu, moyo unapiga bure. Albumini ni protini inayotengenezwa na maini, na inashika maji mu mishipa.

Cohn alikamata maji ya damu, akachanganya na alkoli ya baridi sana, akageuza baridi na asidi hatua kwa hatua. Kila protini ilitulia chini kwa zamu yake, albumini ikawa ya tano. Chupa ndogo ya gramu 25 ilifanya kazi ya nusu litre ya maji ya damu, na haikuomba friji. Waliipasha moto wa digrii 60 kwa saa 10, kusudi isibebe ugonjwa wa maini.

Tarehe 7 Desemba 1941 Pearl Harbor ilipigwa mabomu. Albumini ilikuwa bado kidogo, lakini ilipelekwa kule, ikapewa kwa walioungua.

Hatutaficha upande mwingine. Cohn aliwaza kutumia damu ya ngombe, juu iko mingi. Mu 1942 ilijaribiwa kwa wafungwa waliojitolea: wamoja waliugua, mumoja akakufa. Njia ile iliachwa. Ikabaki damu ya watu tu. Raia wa Marekani walipanga mustari, na Msalaba Mwekundu ulikusanya chupa zaidi ya milioni 13 mu ile vita. Mu damu ile ile walitoa pia dawa ya kukinga watoto na surua.

Cohn alikuwa mugumu kwa wenzake na kwa mwili wake. Alikuwa na tansio, lakini hakupumzika. Alikufa Boston tarehe 1 Oktoba 1953, na miaka 60.

Nyuma yake waganga waliendelea kupima. Mu 2004, Australia na New Zealand, walilinganisha albumini na seromu ya chumvi kwa wagonjwa mahututi karibu 7000. Hesabu ya waliokufa ilikuwa karibu sawa. Kwa walioumia ubongo, albumini ilikuwa mbaya zaidi. Lakini bado inasaidia kwa wengine, kama mugonjwa wa maini aliyetolewa maji mingi mu tumbo.

Basi ndugu, mbele ya kuuza mabati, tumuulize munganga kwa heshima: juu ya nini albumini, hapana seromu ya chumvi? Kama iko na sababu, ataieleza. Na tukumbuke: albumini haibebi hewa. Mwenzetu akivuja damu mingi kule chini, anahitaji damu yenyewe, na ile inatoka ku mikono yetu. Twende kuitoa mbele ajali haijafika.