Charles Dotter

Charles Theodore Dotter (14 Juni 1920 – 15 Februari 1985) alikuwa daktari wa radiolojia kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa matibabu ya mishipa ya damu kwa kutumia katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa bila kumpasua mgonjwa. Kutokana na njia hiyo yalipatikana baadaye matibabu ya aota ya kifuani kwa stenti.

Maisha ya awali

Dotter alizaliwa mjini Boston akakulia Freeport, katika jimbo la New York. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Duke, halafu akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1944. Mwaka 1952, akiwa na umri wa miaka 32, alikuwa mkuu wa idara ya radiolojia katika chuo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Oregon, mjini Portland. Alishika nafasi hiyo hadi kifo chake.

Kazi

Wakati huo daktari wa radiolojia alipiga picha za mishipa tu, na matibabu yalikuwa kazi ya wapasuaji. Mwaka 1963 Dotter aligundua kwamba katheta aliyoipitisha kwa ajili ya kupiga picha ilikuwa imezibua ateri ya nyonga iliyoziba. Mwaka huohuo, katika mkutano wa madaktari huko Karlovy Vary, Chekoslovakia, alieleza kwamba katheta ingeweza kutumika kutibu.

Tarehe 16 Januari 1964 alimtibu mwanamke wa miaka 82 aliyekuwa na donda ndugu mguuni. Wapasuaji walishauri mguu ukatwe, lakini mgonjwa alikataa. Dotter alipitisha katheta, moja nene kuliko nyingine, akapanua sehemu ya ateri ya paja iliyokuwa imesinyaa. Mguu ulipata joto, donda likapona, na mama huyo aliendelea kutembea kwa miguu yake hadi alipofariki kwa ugonjwa mwingine miaka michache baadaye. Dotter na mwenzake Melvin Judkins walitangaza njia hiyo mwaka huohuo.

Wapasuaji wengi wa Marekani waliipinga, wakihofia kwamba mshipa ungeweza kutoboka au mabonge ya damu kusukumwa mbele. Njia hiyo ilipokelewa zaidi Ulaya. Huko Zürich, Uswisi, Andreas Grüntzig aliiboresha kwa kutumia puto, na mwaka 1977 akapanua ateri ya moyo kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1969 Dotter alitoa taarifa kuhusu mirija aliyoiweka ndani ya ateri za miguu ya mbwa. Ile ya plastiki iliziba, lakini baadhi ya ile ya waya uliosokotwa kama springi ilibaki wazi. Mwaka 1983 alieleza springi za nitinoli, aina ya metali inayorudia umbo lake inapopata joto.

Mwaka 1978 alipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel ya Tiba, lakini hakuipata. Nje ya hospitali alipenda kupanda milima, ingawa kwa miaka mingi aliugua saratani ya tezi za limfu.

Matibabu ya aota baada yake

Dotter alifariki mjini Portland mwaka 1985. Miaka 2 baadaye, Nikolay Volodos wa Kharkiv, Ukraine, aliweka ndani ya aota ya kifuani stenti iliyofunikwa kwa kitambaa. Huko Stanford, Marekani, Michael Dake na wenzake walianza kazi kama hiyo mwaka 1992.

Stenti hiyo hupitishwa kutoka sehemu ya juu ya paja hadi kifuani. Damu hupita ndani yake, na ukuta wa aota uliovimba au kuchanika hauendelei kusukumwa. Kwa kuwa kifua hakifunguliwi, mgonjwa hupoteza damu kidogo, hukaa hospitalini siku chache, na vifo vya siku za mwanzo kwa kawaida ni vichache kuliko vya upasuaji.

Hata hivyo hatari zipo. Mgonjwa anaweza kupata kiharusi, au kupooza miguu ikiwa stenti itaziba matawi yanayopeleka damu kwenye uti wa mgongo. Damu inaweza kuvuja pembeni ya stenti, na aota inaweza kuchanika upya kuelekea moyoni. Kwa hiyo mgonjwa hupigwa picha mara kwa mara maisha yake yote. Kwa wenye udhaifu wa kurithi wa ukuta wa mishipa, kama ugonjwa wa Marfan, kwa kawaida madaktari huchagua upasuaji.

Faida nyingine huchelewa kuonekana. Katika utafiti wa INSTEAD, uliohusisha wagonjwa 140 wenye aota iliyochanika lakini hali yao imetulia, stenti haikupunguza vifo katika miaka 2 ya kwanza ikilinganishwa na dawa pekee. Baada ya miaka 5, vifo vilivyotokana na aota vilikuwa vichache zaidi kwa waliowekewa stenti.

Taasisi ya Dotter iliyopo Portland, iliyopewa jina lake, inaendeleza tiba na mafunzo ya fani aliyoianzisha.